Nyumba ya Nelson na Boti ya Nancy

Usiku ule Tabea hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kochi la sebule yake ndogo pale Engutoto, Arusha, simu mapajani, khanga mbili mabegani, mbwa wa mtaa wakibweka nje na moyo wake ukidunda ndani, asijue kipi kinamsumbua zaidi. Jirani yake Namelok, ambaye alipanga chumba cha pili, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Alikuja kumliwaza, lakini kuliwaza hakukuwa kipaji chake.

"Yeyo, mama yangu, ukizidi kuitazama hiyo simu itaungua."

"Inasema hapatikani."

"Baharini kuna minara? Ya nini? Samaki wampigie nani?"

Tabea hakucheka. Binti yake wa pekee, Nancy, alikuwa baharini. Klabu ya boti ya ziwani, kule Duluti, kila Desemba hupakia boti zake za matanga kwenye trela, huziteremsha hadi Pangani, na kutoka hapo wanachama husafiri kwa msafara mmoja kwenda bandari ya Tanga. Mkesha wa Krismasi, boti za huko na za wageni hupambwa taa na kupita kwa mstari mbele ya watu wa mji. Mwaka huu boti ya mbele ya klabu ilikabidhiwa Nancy aiongoze. Walikuwa wameondoka Pangani asubuhi. Wangefika kabla jua halijazama. Jua lilishazama zamani, na hakuna aliyekuwa anapokea simu.

Hiyo ilikuwa hofu ya kwanza. Ya pili ilikuwa Nkoaranga, kwa shemeji yake Elisaria.

Marehemu Nelson, mume wa Tabea, alikuwa fundi mwashi. Aliwajengea watu nyumba mjini Arusha mpaka vidole vikapasuka, na siku za mapumziko alipanda mlimani kwao Nkoaranga kujenga yake, tofali kwa tofali, katikati ya migomba na kahawa ya baba yake. Alifariki bati likiwa limepigwa, rangi bado. Tabea aliendelea kuishi mjini kwa sababu riziki ilikuwa huko, lakini kila likizo alipanda kufagia nyumba ile na kuiwashia moto jikoni, ili isisahau kwamba ina watu.

Sasa katika ukoo ule Krismasi ina utaratibu wake. Baada ya ibada, mbuzi akishachinjwa na nyama kugawanywa juu ya majani ya mgomba, mkubwa wa boma huita kila nyumba kwa jina la aliyeijenga. Mtu wa nyumba ile huitika, "Tupo!" na kuchukua fungu. Tangu Nelson afe, Nancy ndiye alikuwa akiitika. Mwaka huu Nancy asingekuwepo, na Elisaria alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa kueleza maana yake.

"Mama Nancy, mke haitikii nyumba. Damu ndiyo inaitika. Mtoto asipotokea, nyumba imenyamaza, na nyumba iliyonyamaza hukaliwa na mwingine."

"Mwingine nani, shemeji?"

"Ephraimu wangu anaoa. Wakwe zake wanakuja Krismasi hiyo hiyo kuona atakapoishi. Utaniambia niwaonyeshe zizi?"

"Nancy ana kazi yake ya bahari."

"Bahari! Mtoto wa Kimeru na bahari wapi na wapi? Babu yake hata mto Nduruma alivuka kwa kushika mkia wa ng'ombe!"

Tabea mwenyewe kwao ni Nduruma, kule chini kwenye mashamba ya mahindi, na katika mto ule alioga tangu mtoto. Lakini hakujibu hilo. Alijibu moja tu: "Nancy haji. Mimi nakuja." Akakata simu.

Watu wa mtaani walimshangaa. Tabea walimjua kama mama wa wasiwasi. Huyu ndiye aliyekuwa akichungulia dirishani mara kwa mara Nancy akichelewa dakika chache, aliyehoji bodaboda kabla binti yake hajapanda, aliyesoma sura za wavulana wa kwaya mmoja mmoja. Shule aliishia la saba, lakini uso wa mtu aliusoma bila miwani. Na ndiye pia aliyempeleka Nancy kwenye maji. Jumamosi alikuwa akipika machalari, ndizi za nyama, na kuuzia wanachama wa klabu, Nancy akiosha sahani ukingoni mwa ziwa. Siku moja wakamwomba mtoto awashikie kamba. Wiki iliyofuata akashika tanga. Tabea alisimama ukingoni mwiko mkononi, akipiga kelele, "Rudi hapa! Rudi hapa wewe!" huku macho yake yakiona kitu ambacho mdomo wake haukutaka kukubali: mtoto aliyelia kwenye mazishi ya baba yake mpaka sauti ikaisha, sasa alikuwa anacheka peke yake katikati ya ziwa. Jumamosi iliyofuata alinyamaza, akaendelea kukoroga sufuria.

Kulipokaribia kupambazuka simu ililia. Namelok ndiye aliyeruka kwanza.

"Mama, shikamoo. Tuko salama."

Tabea alipiga goti palepale kwenye zulia.

"Mama? Unanisikia? Upepo wa kaskazi ulikuwa unatupiga usoni. Kila tukisogea unaturudisha. Mjomba Rodrick, kiongozi wetu, akasema tusishindane nao gizani, tukaingia kwenye mikoko, tukatia nanga, tukalala humo humo kwenye boti. Hakukuwa na mtandao. Mbu wametula sisi!"

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Biskuti."

"Biskuti!" Namelok alidakia. "Mwambie watu wa bahari samaki wanawapita chini ya kiti!"

Nancy alicheka, kisha akashusha sauti.

"Mama, Baba Mkubwa amenitumia ujumbe. Anasema nisipofika Krismasi mchana, ile nyumba ya baba basi. Mama, tukiingia Tanga asubuhi hii naweza kuwahi basi. Boti ataongoza mwingine. Niambie tu."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Kila mfupa wa Tabea ulitaka kusema, rudi. Rudi uje nikuone, rudi utoke kwenye hayo maji, rudi uitike nyumba tuishi kwa amani na watu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alimkumbuka Elisaria anavyosema "Utaniambia niwaonyeshe zizi?" na akaona waziwazi kwamba mtu yule akishinda Krismasi hii, mwakani atakuwa na sharti lingine, na mwaka wa tatu lingine.

"Nancy, nisikilize. Nyumba inayotaka uache lako ndipo ikufungulie, hiyo ni mtego wa panya. Baba yako hakujenga mtego. Shika usukani wako."

"Na nyumba?"

"Nyumba niachie mimi."

Alipokata simu, Namelok alikuwa amekaa kitako anamtazama.

"Yeyo, ulivyokuwa unatetemeka usiku kucha, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Bado natetemeka," Tabea akasema. "Nipe chai."

Mkesha wa Krismasi alipanda Nkoaranga na sufuria lake, kuni chache, na mkungu wa ndizi. Njia ilikuwa inateleza kwa mvua. Kabla hajafika uani aliona: mlango wa nyumba ya Nelson ulikuwa na kufuli jipya, kubwa, la kung'aa. Ufunguo wake wa zamani haukuingia hata ncha.

Elisaria alitokea upande wa kahawa, amevaa koti la ibada. "Karibu, Mama Nancy. Utalala kwa mama. Nyumba hii itafunguka ikiitikwa."

"Shikamoo kwanza, shemeji."

"Marahaba."

"Asante. Nitalala kwa mama, lakini nitapika hapa." Akaweka sufuria chini, hatua moja tu kutoka mlangoni, akatafuta mawe matatu.

Mama mkwe, Bibi Eunike, alikuwa mzee wa kuona kwa shida lakini wa kusikia kila kitu. Usiku ule, wawili hao wakiwa wamekaa jikoni, simu ya Tabea ililia mlio wa kundi la ukoo. Rodrick, kiongozi wa msafara, alimtumia Nancy video, na Nancy akaitupa kwenye kundi. Tabea aliisogeza mpaka karibu na pua ya bibi. Boti zilikuwa zinapita moja baada ya nyingine, zimevikwa taa za kijani na nyekundu, watu ufukweni wakipiga vigelegele. Mbele, mlingoti wake umefungwa taa kutoka chini mpaka juu, alikaa Nancy, mkono mmoja kwenye usukani, shingo imenyooka.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Ni Nancy, mama."

"Amekaa kama baba yake alivyokuwa akikaa juu ya kenchi za paa." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Rudisha tena."

Kwenye kundi hawakukawia. Shangazi mmoja wa Usa, pale chini ya mlima, aliandika, "Jamani mtoto wetu!" Mwingine akauliza kama hiyo boti inabeba kahawa. Elisaria akaandika, "Kesho mchana tutaona nani yuko nyumbani na nani yuko majini."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, watu walijaa uani. Nyama ilipangwa juu ya majani. Kwa sababu mkubwa wa boma sasa ni mwanamke mzee, Bibi Eunike ndiye aliyekuwa anaita, na Elisaria anakabidhi mafungu. Nyumba moja ikaitwa, ikaitika. Ya pili ikaitwa, ikaitika.

"Nyumba ya Nelson!"

"Tupo!" Tabea aliitika kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Kuku walitawanyika.

Elisaria hakunyanyua fungu. "Mama, huyo ni mke."

"Ndiyo, mimi ni mke," Tabea akasema. "Kila tofali la ile nyumba nimelibeba kichwani kutoka barabarani, kwa sababu enzi hizo lori halikuweza kupanda. Mlikuwa mnanipita mnanisalimia. Hakuna aliyesema, shusha, wewe si damu."

Watu wakatazama chini. Elisaria akasema kwa upole, upole ule wa mtu aliyeshika ufunguo, "Fungu litakaa hapo. Mwenye damu akija atalikuta."

"Na mimi nitakaa hapo," Tabea akajibu. Akarudi mbele ya kufuli, akawasha moto, akaanza kumenya ndizi.

Alimenya akijua kwamba watu wanamtazama. Aliona wifi zake wakinong'ona. Aliona Elisaria akitazama saa, kwa sababu wakwe walikuwa njiani. Moyo ulimwenda mbio, lakini mikono yake ilikuwa na kazi, na mikono ikiwa na kazi watu hawaoni moyo. Moshi ulipanda mlangoni, ukalilamba lile kufuli jipya.

Machalari ilikuwa imeanza kuiva watoto walipopiga kelele kutoka barabarani.

"Boti! Boti inapanda! Boti!"

Watu wazima walifikiri ni utoto. Kisha wakasikia injini ikilia kwenye ule mlima, na pikapu ya Rodrick ikajitokeza kati ya migomba, tope mpaka kwenye vioo, nyuma yake trela, na juu ya trela boti nyeupe, mlingoti wake umelazwa na taa za Krismasi zikiwa bado zimeuzunguka. Majani ya migomba yalikuwa yanaipigapiga ubavuni. Mzee mmoja alivua kofia. Nancy alishuka, midomo imepasuka kwa chumvi, mikono imejaa mapele ya mbu.

"Shikamooni wote! Jana gwaride lilipokwisha tukapakia boti, tumesafiri usiku kucha."

Tabea alimkimbilia na mwiko mkononi. Alimshika uso, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nyanya sokoni. "Biskuti," alisema. "Tazama ulivyokonda kwa biskuti."

Rodrick alishuka naye, akiinama kwa kila mkubwa. "Mama, shikamoo. Mimi ni Mchaga, nyumbani Machame mbuzi wangu analiwa muda huu na shemeji zangu. Geti la klabu limefungwa, mlinzi amekwenda kwao mpaka Jumatatu. Nawaomba mnihifadhie huyu ng'ombe." Akaipiga boti ubavuni. "Hali majani, wala hapigi mateke."

Watu wakaangua kicheko. Trela ikafunguliwa na kuachwa pale pale palipokuwa na nafasi, mbele ya nyumba ya Nelson, na Rodrick akateremka mlima kama mtu aliyefukuzwa na siafu.

Nancy alimwendea baba yake mkubwa. "Baba Mkubwa, shikamoo. Nimefika."

"Marahaba. Umefika nyumba imeshaitwa. Utaratibu haukusubiri."

"Sawa, Baba Mkubwa." Akageuka kwa mama yake. "Mama, tunalala wapi?"

"Hapa," Tabea akasema, akionyesha boti. "Lete lile turubai."

Walifunga turubai kutoka ubavuni mwa boti mpaka kwenye nguzo ya baraza. Chini yake Tabea akatandika mkeka, akapakua machalari kwenye sinia. Watoto wakaja kwanza, wakapanda botini. Mama zao wakaja kuwashusha, wakakaa. Waume wakaja kuwatafuta wake zao, wakauliza boti inasimamaje juu ya maji, Nancy akaeleza, wakabishana naye. Pombe ya mbege ikahamia huko. Bibi Eunike aliomba ashikwe mkono aelekezwe, akapapasa ubao wa boti kwa kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaketi kwenye kigoda. Upande wa Elisaria vilibaki viti vya plastiki vilivyopangwa vizuri, na Elisaria.

Ndipo wakwe wa Ephraimu walipofika, wamevaa vitenge vya sare. Elisaria aliwawahi njiani ili awapitishe nyuma, lakini ua ni mmoja na watu wote walikuwa kule. Mama Lilian, mama wa bibi harusi, alikuwa mwanamke mnene mwenye jicho la kupima mambo. Alisimama mbele ya turubai.

"Hii ndiyo nyumba ya watoto wetu?"

"Ndiyo hii," Elisaria akasema haraka. "Ndani ni kubwa kuliko inavyoonekana."

"Na hawa?"

Tabea akasimama, akafuta mikono kwenye khanga. "Karibuni sana. Mimi ni Tabea, mjane wa aliyeijenga. Huyu ni binti yake. Tumefungiwa nje, lakini chakula kipo. Kaeni."

Mama Lilian alitazama kufuli. Akatazama moto uliowashwa kizingitini. Akatazama sinia, akamtazama Elisaria kwa muda mrefu.

"Baba Ephraimu," alisema, "mimi binti yangu simpeleki kulala kwenye nyumba ambayo mjane anapika mlangoni. Atakuwa anasikia sufuria la huyu mama usiku na mchana. Mtafutieni kijana wenu kiwanja ajenge, sisi tutasubiri." Kisha akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akavuta sinia. "Hizi ndizi umeweka maziwa?"

"Kidogo tu, mwishoni."

Hakuna aliyemcheka Elisaria. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, wanawake walisema baadaye. Alisimama pale katikati ya viti vyake vitupu mpaka mawingu yakaanza kuteremka kutoka mlimani na matone ya kwanza yakagonga turubai. Kisha akaja. Alipita kati ya watu waliomwachia njia, mkono mfukoni. Akautoa ufunguo, akamnyooshea Tabea bila kumtazama usoni.

"Chukua, Mama Nancy. Mvua inakuja."

Tabea aliutazama ule ufunguo. Angeweza kuupokea na kushukuru, na kila mtu angesema amani imerudi. Akaiweka mikono yake nyuma.

"Mimi sikufunga, shemeji. Aliyefunga ndiye afungue."

Bibi Eunike akakohoa kidogo kwenye kigoda chake.

Elisaria aliinama. Kufuli lilikuwa limepigwa na moshi, likamsumbua kidogo, kisha likaachia. Akalishika mkononi, hajui aliweke wapi. Akasukuma mlango, haukwenda. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua za wiki nzima. Akasukuma kwa kiganja, wapi. Ikabidi aweke bega, koti lake la ibada na yote, akajitupa, akajitupa tena, mlango ukalia na kufunguka ghafla, almanusura aanguke ndani.

Tabea alimpita pale kizingitini, akaingia wa kwanza kwenye giza lile la nyumba iliyofungwa.

"Nancy," aliita kutoka ndani, "njoo tufungue na madirisha."